Nani Aliyeandika Jedwali? Uhakiki wa Mikataba ya Dunia ya Madawa ya Kulevya

Ukimwuliza kada wa tawi kwa nini bangi imekatazwa, atakujibu kwamba ni kinyume cha sheria. Ukimwuliza sheria hiyo imetoka wapi, atasema ni mambo ya kimataifa. Ukimwuliza mirungi nayo imekatazwa na nani, atasema vile vile: kimataifa. Hapo mazungumzo hufa, maana neno "kimataifa" likishatamkwa mkutanoni huwa halina mwenyewe. Ni kama kusema mvua imenyesha. Makala hii inakusudia kulihakiki neno hilo. Tutaichukua mikataba yenyewe na kuisoma kama tunavyosoma kitabu chochote: nani aliiandika, lini, nani hakuwapo, na maneno yake yanamtazama nani kwa jicho kali na nani kwa jicho la huruma.

Tutaipima katika wilaya mbili za Mkoa wa Tanga, yaani Handeni na Korogwe. Si kwamba wilaya hizi zina ulevi kuliko nyingine. Sababu ni kwamba mambo yote yanayohusika yanakutana hapo. Barabara kuu itokayo Arusha na Moshi hupita Mombo na Korogwe mjini, hufika Segera katika Wilaya ya Handeni, na hapo hugawanyika, mkono mmoja kwenda Tanga na mwingine kwenda Chalinze na Dar es Salaam. Mirungi itokayo Kenya na milima ya Same hutafuta njia hiyo hiyo. Pembeni mwa barabara kuna mashamba ya mkonge. Na katika kila wilaya iko hospitali ambamo mama mzazi hupasuliwa usiku, umeme ukiwapo au usiwepo. Barabara, shamba na chumba cha upasuaji: vyote vitatu vimeandikiwa habari zake katika majedwali yanayotungwa Vienna.

Wapo watakaosema kwamba huu ni uhakiki wa kuwatetea walevi. Hapana. Kijana wa Mkata au wa Mnyuzi aliyeharibikiwa na bangi ni hasara ya familia yake na ya Taifa, na hakuna nadharia itakayomrudishia miaka yake. Lakini kada asiyejua sheria imetoka wapi hawezi kuitetea mbele ya umma. Anaweza kuitangaza tu.

Jedwali ni nini?

Mikataba inayotawala jambo hili ni mitatu: ule wa New York wa 1961, ule wa Vienna wa 1971, na ule wa Vienna wa 1988, ambao hasa unahusu magendo na kemikali za kutengenezea madawa, na ambao tutauacha kando. Kila mmoja una majedwali yake. Kitu kikiingia jedwalini, serikali zilizojiunga zinafungwa kukidhibiti kwa kadiri ya jedwali lile. Kisipoingia, kila nchi hubaki na uamuzi wake.

Njia ya kuingilia ni hii. Nchi yoyote iliyojiunga, au Shirika la Afya Duniani, humpelekea taarifa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Shirika la Afya huikalisha Kamati yake ya Wataalamu, nayo hutoa pendekezo. Kisha Tume ya Umoja wa Mataifa ya Madawa ya Kulevya, yenye wajumbe 53, hupiga kura. Afrika ina viti 11 katika Tume hiyo. Kundi la Ulaya Magharibi na wenzake, ambamo Marekani na Kanada zimo, lina 14. Kwa hiyo jedwali halikushuka kutoka mbinguni wala halikutoka moja kwa moja maabara. Ni kura.

Msomaji aangalie mtego mmoja. Jedwali la Nne katika mkataba wa 1961 ndilo kali kuliko yote. Jedwali la Nne katika mkataba wa 1971 ndilo jepesi kuliko yote. Heroini ipo katika lile la kwanza, Valium katika hili la pili. Wanafunzi wengi wamejikwaa hapo, na hata magazeti.

Mmea na kidonge

Historia ya jambo hili katika nchi yetu inaanza Versailles. Mkataba wa amani uliotiwa sahihi huko Juni 1919 una kifungu cha 119, kinachomnyang'anya Mjerumani makoloni yake, Tanganyika ikiwamo. Mkataba huo huo una kifungu cha 295, kinachosema kwamba nchi itakayouridhia itahesabiwa kuwa imeuridhia pia Mkataba wa Afyuni wa The Hague wa 1912. Yaani karatasi iliyotuhamisha kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine ndiyo iliyoieneza duniani sheria ya kwanza ya madawa haya. Mzigua wa Handeni na Msambaa wa Korogwe hawakuulizwa lolote katika mambo hayo mawili. (Kiswahili huiita afyuni kasumba, na si ajabu kwamba neno hilo hilo tumelitumia kwa fikra za kikoloni zilizobaki vichwani.)

Bangi haikuwa miongoni mwa vitu vilivyodhibitiwa na mkataba ule wa 1912. Iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1923 serikali ya Wazungu wachache wa Afrika Kusini, nchi ambako suala la bangi halikutengana na suala la kuwatawala vibarua weusi, iliuandikia Ushirika wa Mataifa ikitaka mmea huo uhesabiwe pamoja na afyuni. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa Geneva ulioitishwa kwa habari za afyuni na kokeini, mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, alisimama akadai kwamba hashishi ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya wenda wazimu wa nchi yake. Wajumbe wengi hawakuja wamejiandaa kwa jambo hilo. Februari 1925 mkataba ulitiwa sahihi, bangi ikiwamo. Waingereza wenyewe walikuwa na taarifa ya Tume ya Bangi ya India, iliyoundwa mwaka 1893 na kuwahoji mashahidi zaidi ya 1,000, ambayo ilikataa kupendekeza marufuku. Taarifa hiyo haikuuzuia mkataba ule.

Hayo yote yakahamia katika mkataba wa 1961, na bangi ikawekwa pamoja na heroini katika jedwali kali kuliko yote. Mkataba huo ulifunguliwa kwa sahihi Machi 30, 1961. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9 mwaka huo huo. Miezi minane na siku kadhaa! Lakini angalia jinsi maandishi yenyewe yanavyomshika aliyechelewa. Kifungu cha 49 kinakubali kwamba nchi ambayo watu wake wana desturi ya kutumia bangi iruhusiwe kwa muda, mradi desturi hiyo ikome katika miaka 25 tangu mkataba uanze kufanya kazi, nao ulianza Desemba 1964. Na ruhusa hiyo ina sharti: desturi iwe ilikuwa halali katika eneo hilo tarehe 1 Januari, 1961. Tarehe hiyo hapa kwetu alikuwapo Gavana. Kwa hiyo, kwa mujibu wa mkataba, mila ya Mwafrika ilipimwa kwa sheria ya mkoloni wake, na sheria ile ilikuwa imekwisha kuikataza bangi. Sisemi kwamba Tanganyika huru ingeomba ruhusa hiyo; pengine isingeomba. Nasema kwamba kipimo kilichochaguliwa kinatuonyesha ni nani aliyehesabiwa kuwa mtu wa kusema.

Sasa soma kifungu cha 28 cha mkataba huo huo. Kinaweka masharti makali juu ya kulima bangi, kisha kinaongeza kwamba mkataba hauhusu kabisa kilimo cha mmea huo kwa ajili ya nyuzi na mbegu za viwandani. Mmea ni ule ule kwa jina la sayansi. Ukilimwa ili uvutwe, umo katika jedwali. Ukilimwa Ulaya ili usokotwe kamba, haumo. Jambo hili mtu wa Ngombezi, Magunga au Kabuku analielewa upesi kuliko mtu wa mjini, kwa sababu maisha ya wilaya hizi yalijengwa juu ya kamba. Kiswahili huziita nyuzi hizo katani, na wakati wa uhuru Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa katani ya mkonge. Hatuna haki ya kudai kwamba kifungu hicho kiliandikwa ili kuuumiza mkonge wetu. Mkonge uliumizwa na nyuzi za plastiki. Na tusisahau kwamba mkulima mkubwa wa bangi ya nyuzi siku zile alikuwa Urusi ya Kisovieti, si bepari. Ila jambo moja linabaki: penye kiwanda kinachoutumia mmea, waandishi waliona tofauti kati ya matumizi na matumizi. Pasipo kiwanda, waliona mmea tu.

Ukitaka kuliona hilo kwa uwazi zaidi, weka mkataba wa 1971 kando ya ule wa 1961. Ule wa 1961 ulihusu hasa afyuni, koka na bangi, pamoja na vilivyotokana navyo: mazao ya wakulima wa Asia, Amerika ya Kusini na Afrika. Ule wa 1971 ulihusu vidonge: vya usingizi, vya kuchangamsha, vya kutuliza wasiwasi, mali ya makampuni ya Uswisi, Ujerumani, Uingereza na Marekani. Mizani ikabadilika. Katika ule wa kwanza yatosha kuonyesha kwamba kitu kinafanana, kwa matumizi mabaya na madhara, na vile vilivyomo tayari. Katika ule wa pili hapana budi uwepo ushahidi wa kutosha kwamba kitu kinaleta tatizo la afya na la jamii linalostahili udhibiti wa dunia nzima, na faida yake katika tiba lazima ipimwe. Katika ule wa kwanza Tume huamua kwa wingi wa kawaida wa kura. Katika ule wa pili zatakiwa theluthi mbili za wajumbe wote, yaani kura 36 kati ya 53.

Matokeo yake? Kampuni ya Roche iliitoa Valium sokoni mwaka 1963. Dawa hiyo na jamaa zake waliingia katika majedwali ya dunia mwaka 1984, tena katika lile jepesi. Miaka 21. Bangi ilihitaji majira machache ya mkutano mmoja wa Geneva, na Kamati ya Wataalamu ya Shirika la Afya haikuifanyia ukaguzi kamili chini ya mkataba wa 1961 hadi mwaka 2018.

Hapa ndipo wanafunzi wetu wa vyuo hurukia kauli mbiu: mabeberu walitupangia. Kauli hiyo inasema nusu ya kweli, na nusu ya kweli katika nadharia ni hatari. Aliyeisimamisha bangi Geneva hakuwa Mwingereza, alikuwa Mwarabu wa Misri, na nchi yake ilikuwa na sababu zake. Tena Desemba 2, 2020, Tume ilipopiga kura kuitoa bangi katika Jedwali la Nne, pendekezo lilipita kwa kura 27 dhidi ya 25, Ukraine ikijizuia. Waliounga mkono ni pamoja na Marekani, Uingereza, Ujerumani na Ufaransa. Waliopinga ni pamoja na Kenya, Nigeria, Misri, Algeria na Angola. Kutoka Afrika, Morocco na Afrika Kusini tu ndizo zilizounga mkono. Mzungu aliyelijenga jedwali amegeuka kulibomoa, kwa kuwa sasa kwake bangi ni dawa na biashara. Mwafrika aliyewekewa jedwali ndiye anayelilinda. Nani hapo ni beberu na nani ni mwanamapinduzi? Swali hilo halijibiki kwa kauli mbiu, lajibika kwa kuchunguza kila nchi ilipigania nini. (Na magazeti yaliyoandika kwamba Umoja wa Mataifa umehalalisha bangi yalikosea. Imetoka Jedwali la Nne. Jedwali la Kwanza bado imo.)

Mirungi haimo

Turudi barabarani. Gari likikamatwa usiku na mirungi kati ya Mombo na Segera, kijana wake hupelekwa mahakamani, na watu husema amevunja sheria ya dunia. Hakuivunja. Jani la mirungi halimo katika jedwali lolote la mikataba hii.

Habari yake ni ndefu kidogo. Ushirika wa Mataifa uliijadili mirungi mwaka 1935 bila kuamua. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilikipata ndani ya jani bichi kiini kinachoitwa kathinoni, na baadaye kiini hicho kikawekwa katika Jedwali la Kwanza la mkataba wa 1971. Ndugu yake dhaifu, kathini, akawekwa katika la Tatu. Lakini mkataba wa 1971, kwa kuwa uliandikwa kwa ajili ya vidonge, hushika kiini bila kuushika mmea unaokibeba. Hivyo ule upole uliokusudiwa kwa wenye viwanda ulimwangukia kwa bahati mkulima wa Meru. Mwaka 2006 Kamati ya Wataalamu iliichunguza tena mirungi, ikaona kwamba madhara yake hayafikii kiasi cha kutaka udhibiti wa dunia.

Kwa hiyo kila nchi imeamua kivyake. Sheria za mazao za Kenya zinaitambua miraa kuwa zao la biashara. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, ijapokuwa baraza lake lenyewe la ushauri lilikuwa limeshauri mwaka uliotangulia isifanye hivyo, na soko la London likafungwa kwa mkulima wa Meru kwa saini ya waziri. Tanzania inaikataza waziwazi katika Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na mashamba katika milima ya Same yamekuwa yakifyekwa na Mamlaka inayohusika. Mkataba unaturuhusu: nchi yaweza kuwa kali kuliko jedwali.

Basi tukubali kwamba uamuzi huu ni wetu. Haukutoka Vienna. Na kama ni wetu, tuna wajibu nao ambao hatuna kwa bangi: kuueleza kwa sababu zetu wenyewe. Mzee wa mlimani atauliza kwa nini jirani yake ng'ambo ya mpaka analipwa kwa jani ambalo yeye anafungwa kwalo, na wote wamo katika Jumuiya moja ya Afrika Mashariki. Ni swali la haki. Jibu laweza kuwapo: usingizi unaopotea, fedha ya chakula inayotafunwa, dereva wa lori aliyekesha siku tatu. Lakini kada anayemjibu mzee huyo kwamba "dunia imekataza" anamwambia uongo, na mzee mwenye redio anajua kwamba ni uongo. Tena kwa kukimbilia neno hilo anaifanya Serikali yake ionekane tarishi wa wengine mahali ambapo ilifanya uamuzi wa nchi huru.

Chumba cha upasuaji

Jambo la mwisho halizungumzwi sana, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote kwa mwananchi wa wilaya hizi. Ketamini ni dawa ya nusu kaputi. Sifa yake ni kwamba mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe; haidai mashine kubwa wala umeme wa uhakika, na mhudumu aliyefundishwa kwa kiasi anaweza kuitumia. Imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya tangu 1985. Katika hospitali za wilaya za Afrika, mama aliyeshindwa kujifungua mara nyingi huponea hapo.

Huko Asia ya Mashariki dawa hiyo hiyo hutumiwa kama kilevi cha vijana, na China ilitaka iingizwe katika majedwali ya 1971. Kwanza ilipendekeza Jedwali la Kwanza, kisha likapunguzwa hadi la Nne. Kamati ya Wataalamu ilikataa mara kwa mara, ikieleza kwamba karatasi za ziada, vibali vya kuagiza na hofu ya wenye maduka vingeiondoa dawa katika hospitali zisizo na dawa nyingine. Machi 2015 Tume iliahirisha kura. Angalia pande zilivyokuwa: aliyetaka kudhibiti ni nchi ya Dunia ya Tatu, rafiki yetu wa reli ya TAZARA, na sababu zake zilikuwa za kweli, walioumizwa wangekuwa wagonjwa wa nchi maskini. Hapa tena kauli mbiu haisaidii. Kilichosaidia ni madaktari waliopeleka habari za vyumba vyao vya upasuaji hadi zikasomwa mezani.

Na hofu hiyo haikuwa ya kubuni, kwa sababu tunao mfano wa mofini. Mkataba wa 1961 unasema katika utangulizi wake kwamba madawa haya ni ya lazima kwa kutuliza maumivu na kwamba yapatikane. Maneno mazuri. Lakini mwili wa mkataba ni makadirio ya kila mwaka, vyeti vya kuagiza na adhabu. Anayekadiria kidogo hupata kidogo. Leo sehemu kubwa mno ya mofini ya dunia, zaidi ya asilimia 80, hutumiwa na nchi chache tajiri, na mgonjwa wa saratani wa Kwamsisi au Bungu anaweza kufa kwa maumivu ambayo dawa yake ina umri wa miaka mia mbili na bei yake ni ndogo. Hakuna aliyepiga kura ili afe hivyo. Utangulizi uliahidi dawa, vifungu vikaweka askari, na hakuna kifungu kinachomwadhibu anayeacha hospitali bila mofini.

Wanaodhani majedwali hayasogei wakumbuke Bolivia. Mkataba wa 1961 uliitaka ikomeshe kutafuna majani ya koka. Bolivia ilijitoa katika mkataba, na mwaka 2013 ikarudi ikiwa na sharti lake kwamba wakulima wake wataendelea kutafuna. Nchi zilizopinga hazikutosha kuizuia. Bolivia si tajiri kuliko sisi, ila ilikuwa imeamua inataka nini kabla ya kwenda.

Tume hukutana Vienna kila Machi, na majina ya vitu vitakavyochunguzwa na Kamati ya Wataalamu hutangazwa mapema. Mwaka 2018 Kamati iliichunguza tramadoli, dawa ya maumivu ambayo imeleta ulevi mkubwa Afrika ya Magharibi, na ambayo hospitali nyingi za wilaya huitegemea kwa kukosa mofini. Iliamua isiingizwe kwa sasa. Ikirudi mezani, nchi za Afrika ya Magharibi zitakuwa na haki ya kutaka udhibiti, na mganga mkuu wa Handeni au Korogwe atakuwa na haki ya kuuliza atawapa nini wagonjwa wake. Hao wawili wapaswa kusikilizana kabla ya Machi, maana Afrika itaingia katika chumba kile na kura 11.